Kushindana kwa baiskeli ukiwa sebuleni Nairobi, na lini utoke barabarani

Ulaya watu huingiza baiskeli ndani kwa sababu ya theluji. Nairobi hatuna theluji, na sababu ya hapa ni saa. Jua huzama karibu saa kumi na mbili u nusu jioni mwaka mzima. Anayetoka kazini Upper Hill au Industrial Area saa kumi na moja hana mwanga wa kumfikisha Ruaka kabla matatu hazijateka ukingo wa barabara. Msitu wa Karura nao hufungwa jioni. Kwa hiyo katikati ya wiki usilinganishe treina, kifaa kinachoshika baiskeli ukanyage bila kuondoka mahali, na barabara za Tigoni; linganisha treina na kochi.

Kinachowavuta watu kwenye mbio za mtandaoni ni kwamba muda haupotei. Barabarani kuna mteremko wa kukalia tu, kuna taa za Museum Hill, kuna mwenzako aliyepata pancha. Kwenye treina ukiacha kukanyaga sekunde tano kundi limeondoka, kwa hiyo dakika 45 za mbio ni dakika 45 za kazi. Halafu kuna wapinzani. Zwift, programu inayogeuza nguvu ya miguu yako kuwa mwendo kwenye skrini, ina mashindano usiku na mchana, yamegawanywa kwa viwango, na yule ambaye Jumamosi husubiriwa juu ya kila kilima anaweza kupata mbio anayopigania nafasi ya tano hadi mstarini. Ladha hiyo kundi la mtaani haliwezi kumpa. Na hakuna matatu ya kumsukuma mtaroni.

Anayeuona huu kuwa mchezo wa watoto akumbuke kwamba UCI, shirikisho la baiskeli la dunia, liliandaa mashindano rasmi ya kwanza ya dunia ya mtandaoni Desemba 2020 kwenye Zwift. Upande wa wanawake alishinda Mwafrika, Ashleigh Moolman-Pasio wa Afrika Kusini. Upande wa wanaume, Jason Osborne wa Ujerumani. Mwaka 2024 yalihamia MyWhoosh, programu nyingine ya aina hiyo, na fainali ikafanyika Abu Dhabi.

Treina gani

Treina nzuri zaidi ni ile inayotaka utoe gurudumu la nyuma kabisa, mnyororo ukae kwenye kaseti (fungu la gia za nyuma) ya treina yenyewe. Inapima wati, yaani nguvu unayotoa, kwa usahihi wa asilimia 1 hadi 2, haili tairi, na haipigi kelele. Wahoo KICKR Core ni mfano unaojulikana. Ukiagiza kutoka nje, usihesabu bei ya kwenye tovuti peke yake. Mzigo ni mzito, usafirishaji unakula, halafu kuna ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16. Mara nyingi ni nafuu kununua kutoka kwa mtu anayehama nchi. Maofisa wa mashirika ya kimataifa wa Gigiri na Runda huuza vitu kila mwaka mikataba yao inapoisha.

Ya pili ni ile inayoshika gurudumu la nyuma, tairi likisukuma roli. Inafaa kuanzia, lakini vipimo vyake huyumba kwa asilimia 3 hadi 5, na sababu kubwa ni tairi. Upepo ukipungua, wati hubadilika. Jaza kiwango kilekile kila mara, mathalani psi 100 kwa tairi jembamba la barabarani. Kaza roli mizunguko ileile, halafu kanyaga dakika 10 tairi lipate joto kabla ya kuomba programu isawazishe vipimo. Ukisawazisha tairi likiwa baridi, utaanza mbio na namba moja na kumaliza na nyingine. Tairi la baiskeli ya milimani lenye meno halifai hapa: litanguruma hadi kwa jirani na kuisha kwa wiki chache.

Ya tatu ni treina ya zamani isiyo na umeme wowote, pamoja na kihisi cha kasi kwenye gurudumu. Zwift itakisia wati zako kutokana na kasi. Kwa mazoezi sawa. Kwa mbio zenye heshima, matokeo yako huenda yasihesabiwe. Ukiwa na pedali zinazopima wati, treina hiyohiyo ya zamani inatosha kushindania, ila hutausikia mlima miguuni.

Kufunga baiskeli

Kosa la kwanza hutokea dukani, kwenye kaseti. Hesabu gia za nyuma za baiskeli yako. Kaseti ya treina lazima iwe na idadi ileile, kwa sababu nafasi kati ya gia hutofautiana: kaseti ya gia 8 kwenye baiskeli ya gia 11 itaruka na kugonga bila kukoma. Kama kitovu cha treina kimetengenezwa kwa kaseti ya barabarani ya Shimano ya gia 11 na wewe una ya gia 8, 9 au 10, weka kwanza pete ya milimita 1.8 nyuma ya kaseti. Bila pete hiyo kaseti itacheza hata ukikaza vipi. Nati ya kaseti hukazwa kwa takriban Nm 40, nguvu ambayo huipati kwa koleo. Peleka kwa fundi mwenye kifaa cha kaseti; ni kazi ya dakika kumi.

Kisha angalia ekseli. Baiskeli nyingi za mitumba zenye breki za rimu hutumia ekseli nyembamba ya kufungwa kwa mkono, upana wa milimita 130 au 135. Za kisasa zenye breki za diski hutumia ekseli nene ya milimita 12, upana wa 142 au 148. Treina huja na vipande vya kubadilishia, na vipande hivyo ndivyo hupotea inapouzwa kwa mtu wa pili. Viulize kabla ya kulipa. Kwa ekseli nyembamba tumia ile ya chuma iliyokuja na treina, kwa sababu ile nyepesi ya baiskeli yako inaweza kupinda au kuteleza ukisimama kukimbilia mstari.

Kuna njia nyingine ambayo sasa imeenea: treina yenye duara moja tu la meno badala ya kaseti, liitwalo Zwift Cog, ambapo gia hubadilishwa na programu kwa vibonyezo vya usukani. Inakubali baiskeli za gia 8 hadi 12. Kwa nyumba yenye watu wawili na baiskeli mbili tofauti, hiyo inaondoa shida yote ya kaseti.

Chini weka mkeka wa mpira mzito. Katika ghorofa kinachosumbua jirani wa chini ni mtetemo unaopita kwenye slabu, na kupunguza sauti ya spika hakutausaidia. Mkeka mmoja hautoshi kila mahali. Vipande vya mpira mnene chini ya miguu ya treina, juu ya mkeka, husaidia zaidi. Weka mtambo karibu na nguzo au ukuta, mbali na katikati ya chumba ambako slabu hucheza. Jirani mwambie mapema saa za mbio zako, asianze kumpigia msimamizi wa jengo simu.

Stima, intaneti na Bluetooth

Adapta ya treina inakula wati chache, chini ya 100, kwa hiyo tokeni hazitakuishia kwa sababu yake. Hatari ni hita ya bafuni, ile inayochemsha maji papo hapo, ambayo huvuta zaidi ya wati 4,000. Katika nyumba zenye nyaya dhaifu, mtu akifungua maji ya moto taa hufifia, na pengine swichi kuu huanguka. Mbio zikiwa saa tatu usiku, watu waoge kabla au baada. Treina na ruta zichomeke kwenye soketi ya ukutani, si mwisho wa waya mrefu wenye pasi na friji.

Stima ikipotea kabisa, treina nyingi hubaki bila ukinzani na wati huanguka hadi sifuri. Tacx Neo 2T ni tofauti: inaweza kujizalishia umeme kutokana na kukanyaga kwako, ikapoteza tu uwezo wa kuusukuma mguu kwenye mteremko. Kwa mitaa ambayo stima hukatika kila wiki, sifa hiyo ina thamani kuliko nyingine zote zilizoandikwa kwenye boksi.

Kwa intaneti, nunua UPS ndogo ya volti 12 inayowasha ruta na kile kisanduku cha faiba pamoja. Wengi huwasha ruta peke yake wakashangaa. Hata hivyo, katika ghorofa nyingi kuna kifaa cha kampuni ya intaneti kwenye korido au chini karibu na mita, na hicho nacho kikikosa stima UPS yako haina kazi. Kwa hiyo andaa intaneti ya simu kabla ya mbio: nenosiri likiwa tayari limeingizwa kwenye kompyuta, ili ubadilishe kwa kubonyeza mara moja. Bando dogo linatosha, maana Zwift ikishapakuliwa hutuma na kupokea namba tu. Rouvy, inayoonyesha video za barabara halisi, inakula data nyingi; hiyo iachie faiba. Mtandao ukikatika katikati ya mbio kwenye Zwift, wenzako hutoweka kwenye skrini lakini wewe unaendelea. Usisimame. Mara nyingi hurudi, na safari yako imehifadhiwa.

Sasa Bluetooth, inayoharibu mbio nyingi kuliko stima. Treina nyingi hukubali kuunganishwa na kifaa kimoja tu kwa Bluetooth. Ukiwa umeijaribu asubuhi kwa simu, jioni kompyuta haitaiona hata ukiitafuta saa nzima, kwa sababu simu mfukoni imeishikilia. Zima Bluetooth ya simu, au funga kabisa programu ya treina iliyo kwenye simu, kisha utafute upya. Kihisi cha moyo kina tabia hiyohiyo. Ukitumia ANT+, njia nyingine ya kuunganisha bila waya, badala yake, shida hiyo haipo, ila utahitaji kidude cha USB. Kiweke kwenye waya wa USB wa mita mbili ukifikishe karibu na treina. Kikichomekwa nyuma ya kompyuta, kando ya ruta, wati zitakuwa zinakatika kila dakika chache, kwani waifai ya GHz 2.4, Bluetooth na ANT+ zote zinagombania masafa yaleyale. Ruta ikiwa na GHz 5, hamishia kompyuta huko.

Zwift ni kama dola 20 kwa mwezi, takriban shilingi 2,600. MyWhoosh ni bure, na kwa anayeanza ndiyo tunayompendekeza: shindana miezi miwili humo, ujue kama unaupenda mchezo. Malipo ya Zwift yanataka kadi, na ile ya mtandaoni ya M-Pesa GlobalPay hufanya kazi kama Visa yoyote.

Feni kabla ya kitu kingine chochote

Mwili wa binadamu hugeuza robo tu, au chini kidogo, ya nishati kuwa mwendo. Ukitoa wati 200 kwenye pedali, unatoa wati 600 au zaidi za joto. Barabarani upepo wa kilomita 30 kwa saa hulichukua joto hilo bila wewe kujua. Sebuleni halina pa kwenda. Dalili zinajulikana: dakika ya 20 mapigo ya moyo yanapanda huku wati zikibaki palepale, dakika ya 35 miguu inakataa, na mtu anadhani hana mazoezi wakati alichokosa ni upepo.

Feni ya mezani ya kupepea wageni haitoshi. Tafuta ya sakafuni, ya chuma, yenye kipenyo cha inchi 18 au 20, uiweke mita moja na nusu mbele ikilenga kifua. Ya pili ndogo ikitoka ubavuni ni bora kuliko moja kubwa peke yake. Fungua madirisha pande mbili. Hewa ya Nairobi ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa sababu ya mwinuko, na hewa nyepesi hubeba joto kidogo. Kwa hiyo ukimwona mtu wa pwani au Ulaya anatumia feni moja, wewe ongeza. Julai, baridi ya usiku ikishuka hadi nyuzi 12 hivi, ni mwezi mtamu wa kushindania ndani. Februari ni mateso.

Balkoni inavutia, na wengi huanzia hapo. Ina hewa. Pia ina mvua ya upande mwezi Aprili, vumbi la kuingia kwenye mnyororo, na treina ya bei ya pikipiki kuukuu inayoonekana kutoka barabarani. Kama ni ghorofa ya chini, usithubutu.

Jasho ni chumvi, na chumvi huoza chuma. Funika fremu na stemu (kipande kinachoshika usukani) kwa taulo, paka grisi kwenye skrubu za usukani na za stemu, na ukimaliza futa kwa kitambaa chenye maji safi kisha kikavu. Kila mwezi fungua skrubu moja ya stemu uikague. Watu wamevunja skrubu iliyokula kutu ndani huku nje ikionekana mpya. Maji: lita 0.75 kwa saa, zaidi joto likizidi, na chumvi kidogo ndani. Siti itauma kuliko barabarani kwa sababu baiskeli haichezi chini yako. Simama kwenye pedali sekunde 20 kila baada ya dakika 10, hata kama mbio hazidai.

Uzito, wati na mwinuko

Programu inajua mambo matatu kukuhusu: wati unazotoa, uzito ulioandika na urefu ulioandika. Uzito ndio wenye kishawishi. Mwenye kilo 70 anayetoa wati 210 ana wati 3.0 kwa kilo. Akiandika kilo 65 anakuwa na 3.23, na kila kilima kinalainika. Ni wizi tu, na wenye kuendesha ligi huwataka washindi wapige video wakiwa kwenye mizani. Jipime asubuhi ya mbio, andika unachokiona.

Kupata kiwango chako, fanya jaribio la dakika 20: pasha mwili moto, kisha toa wastani mkubwa unaoweza kuushikilia dakika 20 zote. Zidisha kwa 0.95, hiyo ndiyo FTP yako, yaani wati unazoweza kuzishikilia kwa takriban saa moja. Makosa ni kuanza kwa pupa. Dakika tano za kwanza zinapaswa kukuchosha kidogo tu. Kwa miaka mingi Zwift iligawa makundi kwa wati kwa kilo: D chini ya 2.5, C hadi 3.2, B hadi 4.0, A zaidi ya hapo. Siku hizi mashindano mengi hutumia alama za ushindani kutoka 0 hadi 1,000, zinazopanda ukishinda na kushuka ukipigwa. Usijipandishe daraja kwa fahari. Mbio za kundi la juu humalizika kwa mgeni baada ya dakika mbili, na dakika 40 zinazobaki anaendesha peke yake.

Hapa kuna jambo ambalo miongozo ya Ulaya haikuambii. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Oksijeni pungufu hukunyang'anya sehemu ya nguvu zako za kudumu, takriban asilimia 5 hadi 8 hata kwa aliyezaliwa hapa. Barabarani unafidiwa: hewa yetu ni nyepesi kwa karibu asilimia 16 kuliko ya ufukweni, upepo haukuzuii sana, na kwenye tambarare ya Southern Bypass kasi yako inaweza hata kuzidi ya mtu mwenye nguvu kama zako aliyeko Mombasa. Skrini haikufidii. Inachukua wati zako zilizopungua na kukuweka kwenye hewa moja na mpinzani aliyeko Amsterdam, ambako mita juu ya bahari ni za kutafuta. Kwa hiyo usishangae ukiwa mkali wa Jumamosi na bado ukakaa kundi C. Pia usichukue FTP uliyopima Mombasa likizoni ukashindania nayo Kilimani.

Kuna kipimo kiitwacho ugumu wa treina, ambacho Zwift hukiweka asilimia 50. Mlima wa asilimia 8 unausikia mguuni kama wa 4. Wengi hudhani kukipunguza ni kudanganya. Wati zinazohitajika kufika juu ni zilezile. Kinachobadilika ni mara ngapi utabadilisha gia. Mwenye baiskeli ya barabarani yenye gia nzito aache 50 au ashushe hadi 30, hasa kwenye Alpe du Zwift, kilomita 12.2 na mwinuko wa zaidi ya mita 1,000.

Siku ya mbio

Mashindano mengi hupangwa kwa jioni ya Uingereza. Ya saa 18:30 London ni saa mbili u nusu usiku Nairobi wakati wao wa kiangazi, na saa tatu u nusu kuanzia Jumapili ya mwisho ya Oktoba hadi ile ya mwisho ya Machi. Sisi hatubadilishi saa, wao hubadilisha, na kila mwaka kuna anayefika saa moja kabla au baada. Kula muda wa saa tatu kabla ya mbio: chapati, ndizi, wali na ndengu kidogo, chochote ulichokizoea. Dakika 40 kabla ndizi moja yatosha. Kahawa kali saa mbili usiku itakusaidia mbioni na kukukesha hadi saa nane.

Washa kila kitu nusu saa mapema, kwa sababu programu hupenda kujisasisha siku hasa unayoihitaji. Pasha mwili moto dakika 15 hadi 20, pamoja na mikurupuko mitatu ya sekunde 30 inayokutoa pumzi. Ukifika baridi, mwanzo utakuua. Zima hali ya ERG, ile ambapo treina hukulazimisha wati fulani. Mbioni inakunyima uwezo wa kuongeza kasi. Ingia eneo la kuanzia dakika tano kabla na uendelee kukanyaga.

Sekunde 10 kabla ya kuondoka, anza kukanyaga kwa nguvu. Treina na mtandao huchelewa kidogo, na anayengoja sifuri ionekane huondoka akiwa wa mwisho. Dakika moja au mbili za kwanza huwa ni juu sana ya FTP yako, kisha kundi hutulia. Kazi yako yote katika muda huo ni kutoachwa. Ukishikilia, utajificha nyuma ya wengine na kuokoa robo ya wati au zaidi kwenye tambarare. Ukiachwa kwa sekunde tatu, unavuta upepo peke yako hadi mwisho.

Ndani ya kundi usiangalie kasi. Angalia wati kwa kilo za watu walio mbele yako kwenye orodha: zikiruka ghafla kutoka 3 hadi 5, kuna anayetoroka au mlima umeanza, na una sekunde mbili za kujibu. Ongeza kabla kilima hakijaanza, siyo ukishaona pengo. Zwift hukupa pia nyongeza za muda mfupi: unyoya, unaopunguza uzito wako kwa sekunde 15, uache kwa mwinuko mkali zaidi; kofia ya upepo, nayo sekunde 15, kwa mstari wa mwisho. Wengi huanza kukimbilia mstari mapema mno. Mita 200 hadi 250 zinatosha, ukitokea nafasi ya nne au ya tano.

Kile skrini haiwezi kukufundisha

Hakuna kona kwenye treina. Hakuna breki, hakuna mchanga baada ya mvua, hakuna bodaboda inayotokea upande usio wake. Mtu anaweza kufika kundi B bila kujua kukaa sentimita 50 nyuma ya gurudumu la mwenzake, na mtu huyo akija moja kwa moja kwenye kundi la Jumamosi la Limuru ni hatari kwa kila mmoja. Ujuzi huo hupokezanwa barabarani. Ndivyo David Kinjah alivyowalea vijana kule mji wa Kikuyu, akiwemo Chris Froome ambaye baadaye alishinda Tour de France mara nne. Ukiwa umetoka kwenye treina tu, anza nyuma ya kundi, mikono karibu na breki, na uwaambie wenzako.

Mgawanyo unaofaa mtu wa kazi ya ofisi ni mbio moja ya mtandaoni Jumanne, mazoezi ya vipindi Alhamisi, halafu muda wa saa tatu hadi tano barabarani Jumamosi. Ukiongeza, mbio zisizidi mbili kwa wiki. Ya tatu hukuibia Jumamosi. Ondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kukiwa na mwanga. Panda Banana hadi Tigoni kwa mashamba ya chai, au shuka Magadi Road kupita Kiserian, ukikumbuka kwamba unashuka sasa na kurudi ni kupanda juani. Expressway hairuhusu baiskeli. Jumapili Karura, kwenye njia zilizowekewa baiskeli, inatosha kunyoosha miguu na kujifunza kona kwenye udongo ambako ukianguka unachubuka tu.

Kuitoa baiskeli Jumamosi asubuhi

Usiifanye kazi hii alfajiri ukiwa umechelewa. Ifanye Ijumaa usiku. Rudisha gurudumu baiskeli ikiwa imesimama kwa magurudumu yote mawili sakafuni, ili ekseli ikae sawa, kisha kaza. Tairi la mbele lililokaa wiki nzima bila kuguswa litakuwa limepungua upepo, na la nyuma lililoegemea ukuta pia. Breki zibonye mara kadhaa: jasho lililodondokea rimu au diski hupunguza mshiko, futa kwa spiriti. Shika breki ya mbele usukume baiskeli mbele na nyuma. Ukisikia mchezo kwenye shingo ya usukani, kaza kabla ya kutoka.

Mwisho ni gia. Kaseti ya treina na ya gurudumu lako haziko mahali pamoja hasa, hata zikiwa za aina moja. Inua gurudumu la nyuma, zungusha pedali kwa mkono, pitia gia zote kwenda na kurudi. Mnyororo ukisita kupanda kwenye duara kubwa la meno, zungusha kirekebishaji cha waya kinyume cha saa kwa robo mzunguko, ujaribu tena. Ukisita kushuka, zungusha upande wa pili. Bandika kipande cha tepu kwenye fremu uandike ni robo ngapi na upande gani, maana Jumatatu jioni itabidi uirudishe hivyohivyo kwenye treina.